Utani kwenye timu ambayo watu hawaonani

Habari za jioni jamani. Leo tuongelee utani kazini, ila ile kazi ya siku hizi, mmoja yuko Mbeya, mwingine Mombasa, bosi yuko Berlin na hamjawahi hata kushikana mikono. Mi naamini timu ya hivi isiyotaniana ina shida, na inayotaniana bila kuambiana ukweli ina shida kubwa zaidi.

Hii kitu ni ya zamani kuliko WhatsApp. Mwaka 1982 pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watu wa kompyuta walikuwa wanaandikiana kwenye ubao wao wa matangazo wa kompyuta, ukatolewa mzaha kwamba kuna lifti imemwagikiwa zebaki, wengine wakauamini kabisa. Basi tarehe 19 Septemba Scott Fahlman akapendekeza mzaha uwekewe alama :-) ili msomaji ajue. Hao walikuwa chuo kimoja na bado walipishana! Sasa nyie?

Halafu 2005 watafiti Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao wakaja kupima. Watu walituma sentensi kwa imeili, nyingine za kweli nyingine za kejeli, wakaamini wapokeaji watapatia kama asilimia 78, wakapatia 56 tu. Na ukibahatisha tu unapata 50. Kwa sauti walifika 73 hivi. Yaani unapochapa unaisikia sauti yako mwenyewe kichwani, mwenzio haisikii, anaona maandishi makavu.

Chukua meseji hii, wote tunaijua: "Hongera kwa kuwahi leo 😂". Imetumwa kwenye grupu, bosi yumo. Aliyeandikiwa umeme umekatika tangu alfajiri, kahangaika na bando, kaingia mitingi kachelewa robo saa. Anajibu kwa kidole gumba, basi. Wiki nzima kamera imezimwa, kila kitu "sawa", "sawa", na aliyetuma hajui hata kamkosea nini.

Utani wetu wa jadi haukuwa holela. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani anaweza kuja msibani akamuigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, wafiwa wakacheka huku wanalia, kwa sababu kila mtu pale anajua huyu ni mtani na anajua pia ana wajibu wake wa kusaidia. Kwenye timu ya mbali hakuna aliyewapa utani huo, inabidi muujenge kwa mdomo: nitanieni timu yangu ya mpira mnavyotaka, ila lafudhi yangu na mambo ya nyumbani kwangu msiguse. Semeni mapema, wazi wazi.

Na nyie mabosi, hapa ndo penyewe. Kubalini kutaniwa kabla ya kutania. Mdogo akimtania mkubwa na asinuniwe, kesho atapata ujasiri wa kumwambia "hii dedilaini haiwezekani". Kama mitingi nzima mnacheka halafu hakuna anayesema projekti imekwama, hicho kicheko ni cha woga. Na ukimuumiza mtu usianze kuchapa maelezo marefu, mpigie aisikie sauti yako, muombe radhi, kisha rudi kwenye grupu uombe radhi na huko kwa kifupi, maana ulimtania mbele za watu.

Haya, maswali. Tuanze na walioko onlaini.