Umekula Lini? Nusukaputi na Sindano ya Kisukari

Ndugu zangu, kazi yangu kwenye upasuaji ni kuwalaza watu kwa nusukaputi, na swali langu la kwanza halibadiliki: umekula lini? Chakula chepesi kinataka subira ya saa 6, cha nyama na mafuta saa 8, maji matupu saa 2. Uji si maji, jamani. Hapo ndipo ninapobishiwa sana.

Hesabu hiyo imepigwa kwa tumbo lenye mwendo wa kawaida. Kisukari cha miaka mingi chenyewe huweza kuharibu mishipa ya fahamu inayoliendesha. Sasa zimekuja sindano za kisukari za kuchomwa mara moja kwa wiki, kama semaglutaidi, ambayo wengine mnaijua kwa jina la Ozempic. Inaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1: huichochea kongosho itoe insulini sukari inapopanda, na hukizuia chakula kisitoke tumboni upesi. Ndiyo maana unashiba mapema.

Ukishalala, kile kikohozi kinachokuokoa unapopaliwa huzimika. Chakula kilichobaki kikicheuliwa, huingia mapafuni pamoja na asidi yake. Daktari Curtis Mendelson wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1946, kwa akina mama waliopewa nusukaputi wakijifungua.

Juni 2023, chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya wiki isimamishwe wiki moja kabla. Mimi sikuridhika. Semaglutaidi huchukua takriban wiki nzima kupungua nusu tu mwilini, na mwenye kisukari akiiacha, sukari inapanda. Oktoba 2024 vyama kadhaa vya huko vikalegeza: wengi waendelee na dawa, ila walio hatarini zaidi, kama anayeongezewa dozi au anayesumbuliwa na kichefuchefu na kutapika, wanywe vya majimaji tu kwa saa 24 kabla. Siku yenyewe tunaweza kulichungulia tumbo kwa altrasaundi. Tukikuta chakula, tunaahirisha. Ikiwa ni dharura, mpira wa kupumulia unaingizwa haraka kuikinga njia ya mapafu isiingie chakula.

Vidonge vya kisukari vya dapagliflozini na empagliflozini ni kisa kingine. Hivyo huachwa siku 3 kabla, kwani damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikionekana kizuri.

Msiache dawa kimyakimya, ulizeni. Na anayejichoma sindano hizo ili apungue mwili tu, naye aseme: fomu inauliza kama una kisukari, anaandika hapana, nami namlaza nikidhani tumbo ni tupu.