Usiku wa Leo Vihesabu Vidole

Mama zangu, inueni mkono wa kulia. Gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Nimeyasema haya Ujiji, nikayasema Mwanga, na leo nayarudia: ukija kwa tabibu usiishie kusema "mkono unakufa ganzi usiku". Sema ni vidole vipi!

Mama mmoja wa Kibirizi, mkamuaji wa mawese, alikuwa akiamka saa nane za usiku mkono unawaka kama umeingia kwenye siafu. Anaukung'uta pembeni mwa kitanda, unatulia, analala, anaamka tena. Asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka. Akaambiwa ni presha, jirani akamgawia vidonge vyake. Nikamuuliza, vidole vipi? "Vyote, daktari." Nikamwambia, nenda kavifinye usiku kimoja kimoja. Wiki iliyofuata akaja kunionyesha: gumba, shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Cha mwisho kizima kabisa.

Kile kidole kizima ndicho kilichonielekeza. Hapa kwenye kifundo, pale unapovaa saa, kuna njia nyembamba. Humo zinapita kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu. Mikono ikishinda kukamua, kano zinavimba, mshipa unabanwa.

Mtasema, mbona mchana hausumbui sana? Mchana unaunyoosha kila mara. Usiku yule mama aliukunja chini ya shavu hadi alfajiri. Wala si damu iliyoganda, jamani, ni mshipa wa fahamu uliobanwa! Nilimfungia gango la kulalia, kifundo kikae kimenyooka. Mjamzito naye hupatwa na hili, na mara nyingi huisha akishajifungua.

Naona muda unakwisha. Ganzi ikishika kidole cha mwisho, tazama kiwiko, pale ukijigonga unasikia shoti. Ukiona na baka la ngozi lisilosikia hata ukilichoma, huo unaweza kuwa ukoma: dawa ni bure, usijifiche. Ganzi ya miguu yote miwili kisha mikono, pima sukari. Unayetumia dawa za kifua kikuu, mwambie anayekupa dawa, maana isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuleta ganzi, na vitamini B6 huizuia. Mkono ukilegea ghafla na mdomo kwenda upande, usingoje kuche, hospitali usiku huohuo.

Haya, mama wa pale nyuma uliyekuwa unakung'uta mkono tangu nianze. Vidole vipi?