Kwetu Ni Wanene Tu: Jeni, Mafuta na Mwili wa Uzeeni

ZUHURA: Karibuni tena. Leo Juma kaja na wimbo wake ule ule: "Sisi kwetu ni wanene tu."

JUMA: Ni utetezi huo, da Zuhura! Baba mnene, mashangazi wote wanene. Mimi nitatokea wapi?

ZUHURA: Na utetezi wenyewe una mashiko. Mwaka 1990, Claude Bouchard na wenzake kule Kanada walitoa matokeo ya vijana mapacha wa kufanana, jozi 12. Waliwalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 84. Kuna aliyeongezeka kilo 4 na kitu, kuna aliyefika 13.

JUMA: Ziada ile ile?

ZUHURA: Ile ile. Ila pacha na pacha mwenzake walikaribiana, hata mahali mafuta yalipojikusanya.

JUMA: Basi kesi nimeshinda.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Hao ni vijana. Chukua jeni iitwayo FTO, iliyojulikana mwaka 2007 kuwa inahusika na unene. Mtu mzima aliyerithi nakala mbili za aina ile ya kunenepesha humzidi asiye nayo kwa kama kilo 3, na sehemu kubwa inapitia kwenye hamu ya kula. Lakini umri ukisogea, nguvu ya jeni hiyo juu ya uzito hupungua.

JUMA: Inachoka?

ZUHURA: Jeni haichoki, bwana. Inapata wapinzani: maradhi, dawa, meno, misuli inayoisha. Halafu kuna jambo wengi hawalifikirii: baadhi ya waliokuwa wanene kupindukia hawafiki huko uzeeni, kwa hiyo hata hesabu yenyewe inabadilika.

JUMA: Mzee wangu kilo hazijabadilika miaka 10. Huyo yuko salama, au?

ZUHURA: Mizani hiyo! Misuli inaweza kupungua, mafuta yakachukua nafasi yake, kilo zikabaki zile zile. Mafuta nayo huhama, yanatoka chini ya ngozi ya mapaja na mikono, yanakwenda tumboni, kwenye ini, hata ndani ya misuli. Urithi una mkono wake katika kuchagua mahali, na kwa wanawake zaidi. Mzee mpime kiuno. Mtazame anavyoinuka kitini.

JUMA: Na urefu? Maana naona kama kafupika.

ZUHURA: Amefupika kweli. Ndiyo maana ukipima unene kwa kugawanya uzito kwa urefu mara urefu unaweza kuambiwa kanenepa, kumbe hajaongeza hata gramu.

JUMA: Mama yeye kapungua tangu mwaka jana. Tulifurahi, tukasema damu ya kwao wembamba imeamka.

ZUHURA: Alikuwa anajipunguza?

JUMA: Hapana. Gauni tu zinamvuka.

ZUHURA: Juma, hilo usiliache kwa damu ya kwao. Mzee wa kilo 80 akipoteza kilo 4 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, apelekwe akapimwe.

JUMA: Nitampigia tukimaliza.

ZUHURA: Mpigie sasa. Wasikilizaji watatungoja.