Matokeo 0: Msomaji Mbele ya Katalogi ya Mtandaoni

Ndugu wakutubi, walimu na wasomaji wenzangu, asanteni kwa kuja. Nitaanza kwa kuwasomea mistari michache niliyoikuta kwenye kumbukumbu za katalogi ya maktaba yetu (orodha ya vitabu iliyo kwenye kompyuta), zile zinazohifadhi kila kilichotafutwa bila kumtaja aliyetafuta. Ni mtu mmoja, dakika tatu hivi.

"vitabu kuhusu ugonjwa wa sukari na jinsi ya kula": matokeo 0.
"ugonjwa wa sukari": matokeo 2, vyote vya kilimo cha miwa.
"sukari": matokeo 31.
Kisha kimya.

Maktaba ilikuwa na vitabu sita vizuri tu juu ya maradhi hayo. Vilikuwa rafuni, havijaazimwa. Aliyeviorodhesha aliandika "Kisukari" kwenye sehemu ya mada, akamaliza kazi yake. Msomaji naye akaondoka, na sidhani kama aliondoka akijiambia kwamba amekosea neno. Aliondoka akijua kwamba maktaba haina kitu.

Zamani nilikuwa miongoni mwa wanaosema "wasomaji hawajui kutafuta". Siku hizi nauliza: huyu alikosea nini? Kaandika kwa Kiswahili safi kile anachokitaka. Injini za utafutaji zimemzoesha hivyo: unazimwagia sentensi nzima, zinaichambua, zinakurekebishia hata tahajia. Katalogi nyingi hazina upole huo. Zinachukua kila neno ulilolipa na kudai yote yawemo kwenye rekodi moja. "Vitabu" liwemo, "kuhusu" liwemo, "jinsi" liwemo. Na rekodi yenyewe ni kitu kidogo: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, vichwa vya mada viwili vitatu (maneno rasmi ya mkutubi yanayotaja kitabu kinahusu nini), ukibahatika na muhtasari. Kurasa 300 zimefupishwa zikaenea kiganjani. Kwa hiyo kadiri msomaji anavyojieleza zaidi ili aeleweke, ndivyo matokeo yanavyozidi kupungua mpaka yanafika 0.

Jambo hili si geni. Mwaka 1986 mtafiti Christine Borgman aliandika makala akiuliza kwa nini katalogi za kompyuta ni ngumu kutumia. Mwaka 1996 akaandika nyingine: kwa nini *bado* ni ngumu. Hilo "bado" hunichekesha, halafu huniuma. Tulizihamisha kadi kutoka kwenye droo tukaziingiza kwenye kompyuta, na desturi zake tukazihamisha pamoja nazo. Kadi ilidhani unajua tayari kitabu kimeitwaje na mada yake imepewa jina gani, na kompyuta ikarithi dhana hiyo hiyo. Maktaba ya Bunge la Marekani iliendelea na kichwa cha mada "Cookery", neno la kizamani la mapishi, hadi 2010, ndipo ikakubali "Cooking", neno lililokuwa vinywani mwa watu siku zote.

Sasa tuje kwenye lugha yetu, maana hapa ndipo panaponikera hasa. Katalogi nyingi zina alama ya nyota: andika mwanzo wa neno, weka nyota, mfumo utakuletea miisho yote. Kwa Kiingereza ni raha, kwa kuwa mzizi umekaa mbele na mabadiliko yako mkiani. Kiswahili chetu hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, ukulima, kilimo: utaiweka wapi nyota? Ukiiweka mwanzoni, mifumo mingi inaikataa. Basi anayetafuta "mti" hapati kitabu chenye "miti" kwenye jina lake, na anayetafuta "mwanafunzi" anakosa vyote vilivyoandikiwa "wanafunzi". Msomaji wa Kiswahili inabidi atafute mara mbili, umoja na wingi, na hakuna aliyemwambia.

Kuna na kituko cha ng'ombe. Kile kikoma cha juu, mfumo mmoja unakifuta ukabaki na "ngombe", mwingine unakigeuza nafasi ukapata "ng" na "ombe". Baadhi ya simu nazo zinakipinda kikoma chenyewe bila kukuuliza, ilhali kwenye rekodi kimesimama wima. Kwa macho ni kilekile, kwa mashine ni herufi mbili tofauti.

Majina ya watu yana mkasa wake. Anayeandika "Ngugi wa Thiongo" bila alama za "Ngũgĩ wa Thiong'o" anategemea mfumo uliofundishwa kuzipuuza. Zaidi ya hapo, vitabu vya kwanza vya mwandishi huyo vilitoka kwa jina la James Ngugi. Katalogi nzuri huyaunganisha majina hayo kwa rejeo la "tazama", linalomwelekeza msomaji kutoka jina moja hadi jingine. Katalogi mbovu inamgawanya mtu mmoja kuwa wawili.

Vichujio vya pembeni, vya mwaka na lugha na aina ya kitabu, nitavipita haraka: vinafaa pale matokeo yanapokuwa mengi, wala haviwezi kumsaidia aliyepata 0.

Nikikaa na msomaji, simfundishi amri yoyote. Namwambia aandike neno moja au mawili tu, yale mazito. Akikipata kitabu kimoja kinachokaribia, afungue rekodi yake, asome kichwa cha mada, abonyeze hapohapo. Neno la mkutubi litamfikisha kwa ndugu wote wa kitabu hicho. Kisha aende rafuni na namba ya kitabu, atazame kushoto na kulia. Mwaka 1989 Marcia Bates alieleza kwamba watu hutafuta maarifa kama wanavyochuma matunda porini, moja hapa, moja kule, na njia inabadilika wanapotembea. Ndivyo ninavyowaona mezani kwangu.

Lakini nusu ya kazi ni yetu wakutubi. Yale matokeo 0 yasomwe kila wiki. Sisi tuliongeza rejeo kutoka "ugonjwa wa sukari" kwenda "Kisukari". Kazi ya dakika tano, na ilikuwa imesubiri miaka.

Sasa naomba mtu mwenye simu afungue katalogi ya maktaba yake, aandike "ng'ombe", halafu atusomee kilichotokea.