Binti Yangu Kuruta wa Fort Jackson, na Barua Niliyoijutia

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Leo mnisamehe, sijapaka hata mafuta ya midomo. Nimeingia saa sita usiku kutoka safari na kesho nina zamu ya asubuhi, lakini nikisema nitarekodi Jumamosi, najijua, nitasahau nusu. Ngoja niiegemeze simu kwenye kopo la majani ya chai. Haya.

Mmeniuliza sana binti yuko wapi, mbona siku hizi hapiti nyuma yangu akinicheka. Ndugu zangu, binti yuko jeshini. Jeshi la Marekani. Juzi ndiyo amemaliza ukuruta, wiki kumi, Fort Jackson, kule Columbia, South Carolina.

Kundi la WhatsApp la ukoo lilivyowaka, acheni tu. Baba mdogo kaandika, "Damu ya Mkwawa hiyo!" Shangazi yeye akanifuata pembeni, akaniuliza kama nimeshindwa kumlisha mtoto mpaka nikamtoa sadaka kwa Wamarekani. Sikumjibu yeyote, maana mwenyewe nilikuwa sijui nasimama upande gani. Hakuniomba ruhusa. Hapa Marekani kijana wa miaka 17 hajiungi bila saini ya mzazi. Huyu mwenzangu alisubiri akatimiza 18, akasaini, ndipo akaniambia tukiwa tunaosha vyombo. "Mama, nimejiunga." Nikadhani timu ya mpira.

Sababu anazo. Anataka kuwa tabibu wa jeshi, na baadaye jeshi limlipie chuo. Bili za vyuo vya huku nimeziona, sikuwa na hoja.

Basi, akaondoka. Siku ya pili, saa tano usiku, simu ikaita namba nisiyoijua. "Hello Mama, I have arrived." Kwa Kiingereza! Mtoto ambaye mimi na yeye hatuongei Kiingereza hata tukigombana. Amefika salama, nisimtumie chakula, anwani ataituma kwa barua, kwaheri. Sauti imenyooka kama ya mtu anayesoma risala. Na kweli alikuwa anasoma. Wanapewa karatasi, nyuma kuna foleni, afande amesimama pembeni. Baada ya hapo simu inafungiwa kabatini. Anaweza kupewa dakika chache Jumapili fulani, afande akipenda. Asipopenda, hamna.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikalia. Halafu nikajicheka, maana mimi ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa.

Eeh, hamkujua? Mwaka 1989, nimetoka kidato cha sita, mujibu wa sheria, yaani lazima uende, nikapangiwa kambi ya Ruvu. Mtoto wa Iringa niliyezoea kulala na mablanketi mawili, nikapelekwa kwenye jua la Pwani na mbu wa Mto Ruvu. Mchakamchaka kabla hakujapambazuka, kwata mpaka unaota unageuka kulia, kichurachura kwa kosa la mwenzako. Ninyi ambao watoto wenu wamepita huko tangu mujibu wa sheria irudi 2013 mnanielewa, ila ninyi mna simu. Sisi tulikuwa na barua.

Mama yangu hajui kuandika. Alikuwa anamwita mtoto wa jirani, anamtajia, yule anaandika. Barua zake nazikumbuka hadi leo. Mahindi ya bondeni yamekomaa. Ng'ombe mwekundu kazaa dume. Mwalimu wa kwaya amehama na deni la watu. Paka alipotea siku tatu, karudi. Basi, wasalaam. Nilikuwa naisoma hanga zima, yaani bweni letu, limelala, kwa kurunzi ya kuazima, nikimaliza naanza upya. Wakati ule niliona mama hana la kusema. Niliporudi nyumbani nikamkuta baba anatembea kwa gongo. Alivunjika mguu wiki ya pili baada ya mimi kuondoka, na barua tatu zote hazikugusa habari hiyo.

Sasa mimi msomi, mimi wa Ohio, nikafanyaje? Wiki ya nne bibi yake akalazwa pale Iringa, presha imepanda. Mimi usiku ule nikachukua kalamu nikamwandikia binti kurasa tatu. Bibi hali si nzuri, hatuli, hatulali, omba sana mwanangu, ningekuwa na nauli ningeondoka kesho. Nikalamba bahasha, nikapeleka posta asubuhi, roho ikapoa. Ya kwangu ilipoa, ndugu zangu. Nilimtwisha mtoto mzigo, mimi nikalala.

Barua ilichukua kama wiki kufika. Bibi alikuwa ameshatoka hospitali, yuko shambani anachuma mboga na kuwagombeza watu. Lakini kule kambini, kwenye barua yangu, bibi ndiyo kwanza analazwa! Na mtoto hana simu ya kuniuliza.

Jibu lake ninalo hapa. Mnaona? Penseli, karatasi imechanwa kwenye daftari. Nasoma kidogo: "Mama, leo tulikuwa na shabaha. Ziko 40, ukipiga 23 umepita. Nimepiga 19. Nilikuwa namfikiria bibi. Nikifeli tena naweza kurudishwa nyuma nianze na kombania nyingine. Mama, bibi yupo?"

"Bibi yupo?" Hilo swali lilinikaa kooni wiki nzima.

Aliyeninusuru ni mama mmoja ninayefanya naye kazi, Mmarekani mweusi, mwanawe alipita jeshi la majini. Akaniambia, wewe mwandikie upuuzi. Kila siku, upuuzi. Na likitokea la kweli, msiba au ugonjwa mkubwa, usiandike barua na usihangaike kutafuta namba ya kambi. Unapiga Msalaba Mwekundu wa Marekani, wana laini ya wanajeshi saa 24, unawapa jina la mtoto, kikosi chake na hospitali aliyolazwa mgonjwa. Wao wanathibitisha na daktari, kisha wanampelekea ujumbe mkuu wake wa kikosi, na mkuu ndiye anaamua kama mtoto apewe simu au ruhusa. Hivyo habari inamfikia akiwa na mtu mbele yake, siyo peke yake kitandani na tochi. Wenye watoto jeshini huku, andikeni hilo mahali.

Basi nikaanza. Nimeunguza ugali leo, sufuria ile ya bibi imekoma. Mbwa wa jirani kaingia tena kwenye matembele yangu. Dereva wa basi kanyoa ndevu, kumbe ni kijana. Wapo wanaotumia programu ya Sandboxx, unaandika kwenye simu, wao wanachapa na kupeleka, inafika upesi. Mimi nilitaka auone mwandiko wangu. Mara ya pili alipiga 27.

Ah, na chakula msitume! Nilituma kashata, si nilijifanya mjanja, nikazificha katikati ya soksi. Afande kafungua mbele ya watu, kashata kwenye pipa, platuni nzima pushapu. Binti kaniandikia mstari mmoja tu: "Mama, kashata zimenikosanisha na wasichana hamsini."

Kingine, naomba mnisikilize. Nimeshapata jumbe za kutosha, "dada nifanyie mpango mdogo wangu aingie jeshi la Marekani." Haiwezekani kutokea Tanzania. Lazima mtu awe raia wa hapa au awe na grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, mkononi. Anayekwambia ulipe ada ya usajili akupeleke ni tapeli. Binti yangu alikuwa na grini kadi, tulikuja kwa bahati nasibu ya viza. Na tangu 2022 jeshi limerudisha utaratibu wa makuruta wa namna hiyo kuomba uraia wakiwa mafunzoni, kwa hiyo naye kala kiapo huko huko. Mnajua sheria yetu Tanzania, uraia pacha kwa mtu mzima hakuna. Mwanangu akitua Iringa sasa ni mgeni mwenye viza. Hilo nimelimeza, halijashuka bado.

Haya, safari. Barabara ni I-77, inakatisha milima ya West Virginia. Kona zake zilinikumbusha mlima Kitonga kule Iringa, ila wenzetu mbele huko Virginia wamechoka kuzunguka mlima wakautoboa, unapita tumboni. Nimeendesha siku nzima, hotipoti la pilau nimelifunga mkanda kiti cha mbele kama abiria.

Siku ya familia mnakaa kwenye majukwaa, uwanja unaitwa Hilton Field. Mbele yenu ni miti tu. Mara moshi, muziki, na kutoka kwenye moshi wanatoka mamia, kombati moja, hatua moja. Wanasimama. Hapo hawaruhusiwi kutikisika mpaka ndugu yao aje amguse bega. Nami nikashuka mbio na magoti yangu haya. Nikatafuta. Wote sawa! Nywele zimebanwa, nyuso zimekauka, macho mbele. Nimepita mstari wa kwanza, wa pili, nikarudi. Kumbe nilimpita mara mbili, mama mzazi. Nilimjua kwa kovu la kidevuni, la kuanguka na baiskeli. Chozi linamshuka mpaka kwenye kovu na yeye hatikisi hata kope.

Nikamgusa.

Hakunikumbatia kwanza. Alisema, kwa Kiswahili, "Mama, bibi anaendeleaje?" Nikampigia bibi hapo hapo, bibi akapokea analalamika kuku wameingia jikoni, akauliza ni nani tena huyo analia.

Pilau alilila kwa dakika nne, kasimama, mlango wa gari uko wazi. Nilihesabu. Leo wamempandisha basi kwenda Fort Sam Houston, San Antonio, mafunzo ya utabibu, wiki 16. Ngoja nizime, nina barua ya kuandika, yule mbwa wa jirani kazaa.