Nani Apewe Kishoka cha Dhahabu?

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi, habari za mchana.

Kila Agosti, mji wa Zakopane, kusini mwa Polandi, hupokea vikundi vya muziki na ngoma kutoka milima ya nchi mbalimbali. Tamasha hilo la kimataifa lilianza mwaka 1968, na washindi wake hupewa ciupaga ya dhahabu, yaani kishoka chenye mpini mrefu ambacho wachungaji wa milima ya Tatra walitembea nacho kama bakora. Nimekuja kuzungumzia namna kishoka hicho kinavyoshindaniwa.

Kwanza tuwasikilize wenyeji, Górale. Bendi yao ni ya nyuzi tupu: fidla moja inaongoza, fidla nyingine mbili au tatu zinaifuata kwa mipigo mizito ya upinde, na chini kabisa kuna basy, chombo cha nyuzi tatu kinachopakatwa au kutundikwa begani kwa mkanda. Sauti ya nne ya ngazi yao ya muziki hupandishwa nusu toni, ndiyo maana nyimbo zao zina ukali ambao sikio huutambua mara moja. Mmoja huanzisha juu, kwa koo lililo wazi, wenzake wakamdaka, na wimbo ukateremka.

Watalii hupenda zaidi zbójnicki, ngoma ya wanaume wanaozunguka duara wakichuchumaa na kuruka, vishoka mkononi, kwa kumbukumbu ya majambazi wa milimani kama Juraj Jánošík, aliyeuawa upande wa Slovakia mwaka 1713. Ni ngoma ya kusisimua kweli. Lakini mimi naiona ile ya mwanamume na mwanamke kuwa na kina zaidi. Mwanamume husogea mbele ya bendi na kuimba beti fupi. Kwa beti hiyo anawaagiza wanamuziki wimbo anaoutaka. Mwanamume mwenzake humleta binti na kumzungusha, kisha humwachia yule aliyeimba. Wawili hao hucheza bila kushikana, mwanamume akichapa miguu, binti akiteleza kwa hatua ndogo ndogo, mpaka mwisho ndipo amshike na kumzungusha. Mchezaji ndiye anayewaongoza wapigaji! Ukirekodi muziki huo kwenye kanda na kuwawekea wacheza, umeshaiua ngoma.

Sasa mchukueni mpiga fidla wa kijijini, aliyefundishwa na babu yake, mumpandishe jukwaani mara baada ya kikundi cha mjini chenye mwalimu wa miondoko, sare zinazong'aa na mistari iliyonyooka. Makofi yatakwenda wapi? Mwaka unaofuata, yule wa kijijini naye atanyoosha mistari.

Zakopane walilikabili tatizo hili kwa kuvigawa vikundi. Wapo wanaocheza kama kijijini kwao, wapo waliopanga upya urithi wao kwa ajili ya jukwaa, na wapo wanaotunga kazi mpya kwa mtindo wa asili. Kila kundi lina vishoka vyake vya dhahabu, fedha na shaba, na kwenye meza ya majaji hukaa wataalamu wa utamaduni, wa muziki na wa uchezaji. Hakuna anayedharauliwa, mtunzi wa jukwaani anapimwa kwa utunzi, mwanakijiji kwa uaminifu wake kwa ngoma.

Sisemi mgawanyo huo unamaliza kila kitu. Jukwaa lenyewe hubana: ngoma iliyochezwa harusini hadi mtu atosheke hupewa dakika chache. Hata hivyo, kubanwa muda ni afadhali kuliko kulazimishwa kufanana.

Waandaaji wa mashindano ya ngoma mliomo humu ukumbini, ombi langu ni dogo. Kwenye fomu ya kujiandikisha, ulizeni kila kikundi ngoma yake waliipokea kwa nani na walibadilisha nini. Majaji waisome kabla ya ngoma ya kwanza kupigwa, na alama za sare na mistari ziondolewe kwa wale waliojiandikisha kucheza kama kwao.