Acha kusema "married with": vihusishi vinavyotukamata kwenye Kiingereza

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo ni ubao na maka peni tu, hakuna mbwembwe. Kama una intavyuu ya hotelini, au unapeleka wageni mbugani, au bosi wako ndo wale wa kukutumia imeili za Kiingereza saa nne usiku, video hii ni yako.

Sasa good, afraid, tired, married hivyo vivumishi unavijua, siwezi kukumalizia bando kwa hivyo. Shida ni kale kaneno kanakofuata nyuma: of, at, to, in, for. Hapo ndo wengi tunakamatwa.

Hatua ya kwanza, fasta. Kwenye daftari lako usiandike "afraid" peke yake, andika "afraid of" kwa pamoja kama vile ni neno moja. Usiandike "interested", andika "interested in". "Proud of", "famous for", "worried about". Yaani kivumishi ukikikariri bila mkia wake hujakariri kitu. Nimemaliza hatua ya kwanza, ni hivyo tu.

Hatua ya pili sasa tulia. Sisi tuna "na", na hiyo "na" inabeba kila kitu. Ameolewa na daktari. Hii ni tofauti na ile. Inafanana na yangu. Iko sawa na ya jana. Umeona? "Na" ile ile mara nne. Sasa sisi kichwani "na" tunajua ni "with", basi mtu anakuja na "married with a doctor, different with that one, similar with mine", zote anashusha kwa raha zake. Mwingereza mwenyewe hapo ameweka hivi, naandika... subiri, hii maka imekauka. Ngoja. Haya nachukua nyekundu, najua nyekundu haionekani vizuri kwenye kamera mtanivumilia, nasogeza na simu kidogo dirisha linamulika. Mnaona? Okei.

Married TO. Different FROM. Similar TO. The same AS.

Hakuna "with" hata moja hapo. Kwenye different, Waingereza wengine utawasikia "different to", Wamarekani "different than", wala usigombane nao, mimi napenda "from" kwa sababu hiyo inapita kote.

Halafu kuna mjanja atakuja kwenye komenti aseme mwalimu mbona nimesikia "I'm married with two children". Ndiyo, hiyo ni sahihi, maana yake nimeoa na nina watoto wawili, siyo kwamba umewaoa hao watoto jamani! Mtu uliyefunga naye ndoa ni TO. Watoto mlionao ndo with. Basi.

Hatua ya tatu. Kwetu mambo mengi ya hivi ni vitenzi, siyo vivumishi. Naogopa nyoka. Kati ya naogopa na nyoka hakuna kitu, ndo maana mtu akifika kwenye Kiingereza "of" inamponyoka anasema "I'm afraid snakes". Weka "of". Wivu vilevile, "jealous of". Na ukiuliza swali kale kaneno hakaondoki, kanabaki mwisho kabisa: "What are you afraid of?" Usikaache barabarani.

Kuchoka hapa nakaa kidogo, maana hii naipenda. "I'm tired from work", mwili umechoka, umeshinda unabeba mizigo, ukilala utaamka freshi. "I'm tired of work", hiyo umeikinai kazi yenyewe, hata ulale wiki nzima. Sasa we mwambie bosi asubuhi "I'm tired of my job" ukidhani unaomba upumzike kidogo, yeye ameshaanza kutafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chako.

Na good. Ujuzi ni "at": good at football, good at maths. Faida ni "for": maji ni good for you. Kumudu watu au vitu ni "with": good with children, hiyo kama unaomba kazi ya kulea watoto waandikie kabisa. Mtu anaingia kwenye intavyuu, swali la kwanza, anajibu "I am good in English". Kaka, hapo si umeshajikanusha mwenyewe? Good AT English.

Samahani kwa hiyo kelele, ni jirani anachomelea geti. Naongeza sauti.

Hatua ya nne, ya mwisho, na ndo ngumu kuliko zote, weka simu chini usikilize. Baada ya kihusishi, kitenzi kinavaa -ing. Good at cooking. Tired of waiting. Interested in learning. Hadi hapo rahisi. Kasheshe inakuja kwenye kuzoea.

"I am used to working at night." Nimezoea kufanya kazi usiku.
"I used to work at night." Zamani nilikuwa nafanya kazi usiku, siku hizi sifanyi.

Angalia AM. Narudia, angalia AM. Ikiwepo "am" au "is" au "are", ile "to" ni kihusishi, kitenzi kinavaa -ing. Isipokuwepo, unaongelea ya kale. Mtu anaulizwa utaweza shifti ya usiku anajibu kwa kujiamini "yes, I used to work at night", yaani hapo amesema zamani nilikuwa naweza, halafu anakaa kusubiri simu ya kuitwa kazini. Tafadhali, AM. Rudisha video nyuma uisikie tena kama bado haijakaa.

PDF yangu ina hivi vivumishi vyote na mikia yake, ni elfu tatu tu, maelezo yako hapo chini ya video, na ukiinunua usiisambaze kwenye magrupu nawajua nyie.

Zoezi, kabla jirani hajaanza tena. Naandika: "My brother is married with a nurse, he is good in football but he is tired with training because he is used to sleep late." Makosa yako manne. La mwisho ndo litakusumbua. Andika sentensi nzima upya kwenye komenti, usiniandikie tu "nimepata", nakuja kusahihisha jioni.